Somo la 9: Mwezi Ambao Mataifa Yalitia Sahihi Amani

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Yeremia 6:13-15, Ezekieli 13:10-16, Isaya 32:16-18, Mathayo 5:23-24, Yohana 13:1-17, 1 Wathesalonike 5:1-6.

Fungu la Kukariri: 1 Wathesalonike 5:3.

Mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike kwamba uharibifu utawajia watu ghafula, saa ile ile wanapoambiana kuwa kuna amani na usalama. Washiriki wengi hawahitaji kufungua Biblia ili kulikumbuka fungu hili. Hutajwa kila mara redio inapotangaza kwamba wakuu wa nchi wamekutana na kupeana mikono.

Juma hili fungu hilo linasomwa pamoja na mwezi mmoja wa historia, Agosti 1928, mwezi ambao mataifa makubwa yalikubaliana kwa maandishi kuacha vita. Jambo hilo lilifanyika Paris, lakini lililotokea baadaye lilifika mpaka chini ya Mlima Meru, na mwanafunzi wa Biblia anayeishi Arusha anaweza kwenda kulitazama kwa nauli ya daladala.

JUMAPILI: Kalamu ya Dhahabu

Mwezi ule ulianza kwa michezo. Olimpiki ilikuwa ikiendelea Amsterdam, na Ujerumani ilikuwa imekaribishwa tena kwa mara ya kwanza tangu vita kuu. Tarehe 5 mbio za marathoni zilishindwa na Boughera El Ouafi, mzaliwa wa Algeria aliyekimbia chini ya bendera ya Ufaransa. Kwa mtu aliyetaka kuamini kwamba dunia inapona, dalili zilikuwepo.

Kisha, Jumatatu tarehe 27, wajumbe wa nchi 15 walikusanyika katika wizara ya mambo ya nje ya Ufaransa. Mwenyeji alikuwa Aristide Briand. Kutoka Marekani alikuja Frank Kellogg, na kutoka Ujerumani Gustav Stresemann, ambaye alikuwa mgonjwa na alikufa mwaka uliofuata. Mji wa Le Havre ulikuwa umemzawadia Kellogg kalamu ya dhahabu yenye maneno ya Kilatini ya kumwambia atakaye amani aiandae amani. Mkataba wenyewe ulikuwa mfupi mno. Mataifa yaliahidi kutoifanya vita kuwa chombo cha siasa yao, na kumaliza magomvi yao yote kwa njia za amani. Haukutaja askari wa kuulinda, wala adhabu kwa atakayeuvunja.

Msomaji asiwacheke watu hawa upesi. Vita ya 1914-1918 ilikuwa imekwisha miaka kumi tu nyuma, na hapakuwa na nchi kubwa ya Ulaya ambayo haikuwa imezika vijana wake kwa mamia ya maelfu. Hatimaye nchi zote zilizojiunga zilizidi 60, na Kellogg akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1929. Kutamani amani si dhambi.

Soma Mathayo 5:9. Je, mtu anayelingojea tumaini lenye baraka anaweza kuwadharau wale wanaojaribu kuzuia vita?

JUMATATU: Habari Hizo Chini ya Meru

Watu wa Meru na Arusha hawakuhitaji kuelezwa vita ni nini. Machi 1916 majeshi ya Waingereza yaliwaondoa Wajerumani Moshi, kisha Arusha. Katika vita ile makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa, wengi wao kwa njaa na magonjwa, katika ugomvi ambao haukuwa wao. Kazi ya Waadventista nayo iliguswa. Kituo chao cha kwanza katika nchi hii, kilichofunguliwa Upare mwaka 1903, kilipewa na wamisionari Wajerumani jina la Friedenstal, yaani Bonde la Amani. Vita ilipofika Upare, haikuuliza maana ya jina hilo, na wamisionari wale waliondolewa kama raia wa nchi adui.

Kufikia Agosti 1928 Tanganyika ilikuwa chini ya Uingereza kwa dhamana ya Shirika la Mataifa, na Gavana alikuwa Donald Cameron. Reli ya kutoka Moshi ilikuwa bado haijafika Arusha. Ilifika mwaka uliofuata. Wajerumani walikuwa wameruhusiwa kurudi tangu 1925, na baadhi yao walinunua mashamba kuuzunguka mlima, wakawa majirani wa Makaburu na Waingereza ambao walipigana nao juzijuzi tu. Kwa macho ya nje, hiyo nayo ilikuwa amani. Wameru na Waarusha walibaki katikati, msitu juu yao na mashamba ya walowezi chini yao, na watoto wao walikuwa wakiongezeka. Hakuna aliyewauliza maoni yao kuhusu mkataba wa Paris. Uingereza, kabla ya kutia sahihi, iliandika kwamba kuna sehemu fulani za dunia ambazo ingependa kubaki huru kuzishughulikia kwa namna yake. Sehemu hizo haikuzitaja kwa majina.

JUMANNE: Ukuta Uliopakwa Chokaa

Soma Ezekieli 13:10-16.

Nabii anasimulia habari ya ukuta mbovu. Mtu mmoja anaujenga, wengine wanakuja na chokaa na kuupaka mpaka unapendeza. Mvua ya mawe inapokuja, ukuta unaanguka, na watu wanauliza chokaa ile iko wapi. Yeyote aliyepaka chokaa nyumba ya udongo kabla ya masika anajua habari hiyo. Kosa la wapakaji halikuwa kwamba walipenda ukuta mweupe. Walijua hali ya matofali, wakanyamaza.

Januari 1929 Baraza la Seneti la Marekani liliuidhinisha mkataba wa Paris kwa kura 85 dhidi ya 1. Februari, wajumbe wale wale wakapitisha sheria ya kujenga manowari 15. Septemba 1931 Japani iliingia Manchuria. Oktoba 1935 Italia iliivamia Ethiopia. Zote mbili zilikuwa zimetia sahihi Paris siku ile ya kwanza, na hakuna iliyotangaza vita rasmi. Kwa kuwa kilichokatazwa kiliitwa vita, ilitosha kutafuta jina jingine. Tarehe 1 Septemba 1939 Ujerumani iliivamia Poland, na tarehe 17 Urusi ya Kisovieti ikaingia kutoka upande wa mashariki. Poland na Ujerumani zilikaa chumba kimoja Agosti ile, na Urusi ilijiunga muda mfupi baadaye.

Haki isemwe: karatasi ile haikuwa bure kabisa. Baada ya vita ya pili, mahakama ya Nuremberg iliitumia kuonyesha kwamba kuanzisha vita ya uvamizi ni kosa la jinai. Lakini waliohukumiwa walihukumiwa baada ya mamilioni ya watu kufa.

JUMATANO: Makaburi ya Tengeru

Ukitoka Arusha kwenda Moshi, utafika Tengeru, karibu na Ziwa Duluti. Wengi hupajua kwa soko lake. Wachache hujua kwamba hapo pana makaburi yapatayo 150 ya Wapolandi, yenye misalaba na majina ambayo ulimi wa Kiswahili huyatamka kwa taabu.

Watu hao walifikaje chini ya Meru? Mwaka 1940, baada ya Poland kugawanywa, Warusi waliwakamata wakazi wa upande wa mashariki familia kwa familia, wakawapakia katika mabehewa ya mizigo na kuwapeleka Siberia na Kazakhstan. Wengi walikufa huko kwa baridi na njaa. Mwaka 1941, Ujerumani ilipoigeukia Urusi, waliosalia waliruhusiwa kuondoka. Walipitia Iran, wakapakiwa tena melini, na tangu 1942 maelfu yao waliletwa Afrika Mashariki. Kambi ya Tengeru ilipokea watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, kwa sababu wanaume walikuwa vitani au wamekufa. Walikaa katika vibanda vya mviringo vilivyoezekwa kwa majani. Wakajenga kanisa, wakafungua shule, wakalima bustani. Wakati huohuo Wajerumani waliokuwa na mashamba ya jirani walikuwa wamekwisha kuwekwa kizuizini, tangu vita ilipoanza.

Hebu mwanafunzi wa Biblia atulie kidogo mahali hapo. Mama aliyezaa mtoto Poland mwaka 1928, mwezi ule ule ambao waziri wa nchi yake alitia sahihi pamoja na waziri wa Ujerumani, angekuwa na kijana wa miaka 14 wakati kambi ya Tengeru ilipofunguliwa. Utoto wake wote ungekuwa umepita chini ya mkataba uliosema vita imeachwa. Watu wa Tengeru waliowaona wageni hao wakishuka, weupe lakini maskini, jambo ambalo hawakulizoea, hawakuwa na habari ya kalamu ya dhahabu.

Soma Yeremia 6:13-15. Nabii anawalaumu viongozi kwa kuliponya jeraha la watu juu juu. Kwa nini anawataja nabii na kuhani katika orodha moja na wenye tamaa ya mali?

ALHAMISI: Kuanzia Nyumbani mwa Mungu

Arusha nayo ina mikataba yake. Tarehe 4 Agosti 1993, miaka 65 baada ya mwezi ule wa Paris, serikali ya Rwanda na chama cha RPF walitia sahihi mjini hapa mkataba wa kumaliza vita yao, mbele ya Rais Ali Hassan Mwinyi. Kulikuwa na shangwe ya kweli. Miezi minane baadaye, Aprili 1994, mauaji ya kimbari yalianza, na kwa muda wa siku mia moja hivi zaidi ya watu 800,000 waliuawa.

Ni rahisi kuishia hapo na kusema kwamba unabii umetimia. Lakini Petro anaandika kwamba hukumu huanza katika nyumba ya Mungu (1 Petro 4:17), na somo hili halina ruhusa ya kuiruka nyumba hiyo. Mugonero, magharibi mwa Rwanda, kulikuwa na kituo cha Waadventista chenye kanisa na hospitali. Maelfu ya Watutsi walikimbilia hapo, wengi wao washiriki. Wachungaji waliokuwa miongoni mwao walimwandikia barua Mchungaji Elizaphan Ntakirutimana, kiongozi wao wa kanisa katika eneo hilo, wakimwomba awasemee kwa mkuu wa serikali wa pale. Washambuliaji walikuja tarehe 16 Aprili. Ilikuwa Sabato.

Umoja wa Mataifa uliweka mahakama ya kimbari Arusha, na mchungaji huyo aliletwa kutoka Marekani kushtakiwa hapa. Februari 2003 alipatikana na hatia ya kusaidia mauaji ya kimbari, akiwa na umri wa miaka 78, na akahukumiwa kifungo cha miaka 10. Rufaa haikukibadili kifungo hicho. Mwanawe, daktari katika hospitali ya Mugonero, alihukumiwa miaka 25. Kutoka jumba la mikutano ambako kesi hiyo ilisikilizwa, washiriki wa Arusha wangeweza kwenda kanisani kwa miguu.

Mwadventista mwingine, Mmarekani Carl Wilkens wa shirika la ADRA, alibaki Kigali wakati Wamarekani wenzake walipoondoka, akasaidia kuwaokoa watoto wa kituo cha yatima cha Gisimba. Hakuwa na mkataba wowote mkononi. Yeye na mchungaji yule walisoma mafungu yale yale, na kila juma walifunga Sabato machweo ya Jumamosi.

Isaya 32:17 inasema kwamba amani ni kazi ya haki. Inakuja baada ya haki kutendeka, kama mavuno yanavyokuja baada ya jembe. Paris walianza na mavuno. Swali gumu la juma hili ni kama makanisa nayo hayafanyi vivyo hivyo: kutangaza kwamba washiriki wote ni ndugu, kabla hajaulizwa mtu nani amedhulumiwa.

IJUMAA: Kwa Mjadala wa Darasa

1. Fungu la kukariri huendelea katika 1 Wathesalonike 5:4-6, ambapo Paulo anawataka ndugu wakeshe. Je, kukesha ni kuhesabu mikataba inayovunjika, au kuna zaidi? Darasa litoe mifano ya mahali linapoishi, si ya Ulaya.

2. Kama yupo katika darasa mwenye wazazi au babu walioishi karibu na kambi ya Tengeru, apewe nafasi ya kusimulia aliyoyasikia.

3. Familia mbili za kanisa moja, kwenye mteremko wa Meru, zinatumia mfereji mmoja wa maji. Mwaka wa ukame ziligombana, na mtu mmoja akaumizwa. Wazee wa kanisa waliwapatanisha, na karatasi ikatiwa sahihi mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Tangu siku hiyo hakuna aliyefunga maji ya mwenzake. Lakini aliyeumizwa hajawahi kuombwa msamaha, na kila Sabato ya Meza ya Bwana, wakati wa kutawadhana miguu, wenye nyumba hizo mbili huchukua mabeseni yao na kila mmoja hutafuta mwenzi upande mwingine wa chumba. Soma Mathayo 5:23-24 na Yohana 13:1-17. Je, watu hawa wana amani? Sabato ya Meza ya Bwana imekaribia tena, na shemasi anayegawa mabeseni anaijua habari yote. Afanye nini?