Je, Mkosaji Naye Ana Haki ya Siri Yake?

Mtu akifungua barua ya jirani yake na kuisoma, sote twasema: ametenda vibaya. Lakini kama jirani huyo ni mwizi? Hapo wengi wetu twanyamaza. Basi tulichunguze neno hili, maana si dogo.

Katika Marekani alikuwako avoka mmoja, jina lake Louis Brandeis, aliyezaliwa mwaka 1856. Watu walimwita avoka wa raia, kwani alishika mashauri mengi ya faida ya wote bila kudai malipo. Mwaka 1890, yeye na mwenzake Samuel Warren waliandika juu ya haki ya mtu ya kuachwa kwa amani katika mambo yake. Wakati ule magazeti yalichungulia nyumba za watu, na vyombo vipya vya kupigia picha viliweza kumnasa mtu bila yeye kujua. Walisema kwamba sheria inayolinda mali ya mtu yapasa kulinda na utu wake.

Mwaka 1916 Brandeis akawa jaji katika tribinali kuu ya nchi yake. Mwaka 1928 likafika shauri gumu. Huko Seattle, Roy Olmstead, aliyekuwa polisi zamani, alifanya biashara ya pombe, nayo wakati ule ilikatazwa katika nchi nzima. Watumishi wa serikali waliunga nyuzi zao katika nyuzi za simu, nje ya nyumba, wakasikiliza karibu miezi mitano. Maneno waliyoandika yalijaza kurasa 775. Majaji watano walisema: hawakuingia nyumbani, basi hawakukosa. Wanne walikataa, na Brandeis mmoja wao.

Je, aliwatetea wauza pombe? Hapana. Aliona mambo mawili. Kwanza, anayesikiliza simu ya mkosaji amsikia pia kila mtu anayezungumza naye, hata asiye na kosa lolote. Pili, sheria ya jimbo lile ilikataza kusikiliza simu za watu kwa siri, na serikali ni mwalimu wa raia wake. Mwalimu akivunja sheria ili amkamate mwanafunzi, wanafunzi watajifunza nini?

Labda mmoja atasema: asiye na kosa aficha nini? Ndugu, twafunga mlango tunapooga, wala si kwa sababu tumeiba sabuni. Mume na mke wana maneno yao. Mgonjwa ana yake na mganga wake. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Wala hatusemi mkosaji aachwe. Polisi wapeleke sababu zao mbele ya jaji. Akiwapa ruhusa, wasikilize. Ndivyo tribinali ile ilivyokubali mwaka 1967, katika shauri la Charles Katz, mcheza kamari: sheria yalinda watu, si kuta tu. Brandeis alikuwa amekufa tangu 1941. Nasi katika Kongo, Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 31, yalinda siri ya barua na simu, isipokuwa pale sheria inaporuhusu.

Lakini haki hii yaanzia nyumbani. Siku hizi wengi wetu tuna simu mfukoni. Ni mara ngapi mume achukua ya mke, au mke ya mume, asome kwa siri? Twataka serikali ituheshimu, na hali sisi wenyewe twasimama nyuma ya mlango tukisikiliza. Tuanze hapo.