Tusome Kipi Baada ya Hiki?

Swali la kichwa cha makala haya si letu. Tuliulizwa na msichana wa kidato cha tatu, alasiri moja, tulipokuwa tukifunga mlango wa chumba kile tunachokiita maktaba kwa kukosa jina dogo zaidi. Mkononi alikuwa na kitabu chenye picha ya kijana aliyeshika ngao, na maneno yake yalikuwa haya: "Mwalimu, hiki nimekimaliza. Nisome kipi sasa?" Sisi tuliomkopesha kitabu kile tulikuwa hatujakisoma. Tulikipata katika sanduku lililoletwa na rafiki kutoka ng'ambo, kimefasiriwa kwa Kiingereza. Tukatazama jalada, tukasema hiki hakina dhara. Ndipo akaongeza swali la pili, ambalo hatukulitazamia hata kidogo: "Na kwa nini yule msichana aliyenunuliwa anashukuru?"

Yafaa kwanza tueleze ni vitabu vya namna gani, maana huenda baadhi ya walimu wenzetu wameviona mikononi mwa vijana bila kuvijua. Wajapani huviita raito noberu, yaani riwaya nyepesi, na kwa kifupi ranobe. Aghalabu huchapwa katika umbo dogo liitwalo bunko, milimita 105 kwa 148, la kuenea mfukoni mwa mtu asafiriye kwa treni. Ndani yake mna picha chache zilizochorwa kwa mtindo wa katuni za huko, sentensi fupi, na mazungumzo mengi. Hati ngumu za kikanji mara nyingi huandikwa pembeni mwake matamshi kwa herufi nyepesi, ili kijana asikwame njiani. Na mwalimu yeyote wa lugha hawezi kuudharau msaada huo. Jina lenyewe lilienea tangu miaka ya 1990, na mfululizo wa vitabu uitwao Dengeki Bunko, ulio miongoni mwa mikubwa kabisa, ulianza mwaka 1993. Baadaye njia nyingine ilifunguka: tangu mwaka 2004 iko tovuti ya Kijapani ambamo mtu yeyote aweza kuandika hadithi yake sura baada ya sura, na zile zinazopendwa huchukuliwa na wachapishaji zikawa vitabu. Ndiyo sababu vitabu hivi ni vingi kama mchanga, na ndiyo sababu swali la kipi kifuate si dogo.

Sasa, neno "nyepesi" lisitupoteze. Sisi wasomaji wa Kiswahili tulikwisha kuupitia ubishi huu nyumbani kwetu. Faraji Katalambulla alipotoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na Elvis Musiba alipotoa Kufa na Kupona mwaka 1974, walikuwapo waliosema kwamba hizo ni riwaya pendwa tu, za kupitishia wakati, wala hazistahili meza ya mwalimu. Wakati huohuo watu waliokuwa hawajapata kumaliza kitabu hata kimoja walikuwa wakivisoma chini ya taa ya mafuta hadi usiku wa manane. Hatusemi kwamba wingi wa wasomaji ni hoja ya ubora. La hasha. Twasema tu kwamba wepesi wa kusomeka ni sifa ya njia, si sifa ya mahali inapokwenda. Njia nyepesi yaweza kumfikisha mtu kisimani, na yaweza kumfikisha shimoni.

Tulirudi nyumbani na kile kitabu cha ngao, tukakisoma usiku ule tukiwa na aibu. Ni juzuu ya kwanza ya Tate no Yusha no Nariagari, cha Aneko Yusagi, kilichotoka kwa chapa mwaka 2013. Kijana Naofumi anatwaliwa kutoka Japani hadi ulimwengu mwingine awe shujaa. Anapewa ngao isiyoweza kupiga. Anasingiziwa kosa asilolitenda, na watu wote wanamtupa. Kwa kuwa hawezi kushambulia, anamnunua kwa mfanyabiashara wa watumwa mtoto mgonjwa, Raphtalia, ili ampiganie. Anamlisha, anamtibu, anamnunulia mpira wa kuchezea. Baadaye, watu wengine wanapomfuta msichana huyo chapa ya utumwa, mwenyewe anaomba arudishiwe, iwe alama ya uaminifu wake.

Haya yaliandikwa na Mjapani kwa wasomaji Wajapani, na hatuna sababu ya kudhani kwamba alikuwa na nia mbaya. Lakini kitabu hakisomwi na aliyekiandika peke yake. Kinaposomwa na msichana wa Uganda, katika darasa la Kiswahili, kinakutana na mambo ambayo mwandishi hakuyawaza. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na lugha tunayoifundisha iliingia bara pamoja na misafara ya pembe na ya watu waliofungwa minyororo. Hadi leo, tunapokitetea Kiswahili mbele ya wazazi wa hapa kwetu, hutokea mzee mmoja akatukumbusha jambo hilo, na hatumlaumu. Je, tunawezaje basi kumpa binti hadithi ambamo mnunuzi ni mwema na aliyenunuliwa hataki kuachwa huru, kisha tuseme tulitazama jalada tu?

Wako wenzetu wawili ambao tuliwapelekea shauri hili. Mmoja alisema: vitoeni vyote, mwalimu, vijana wasome vitabu vya mtaala, mambo yakaishia hapo. Mwingine alisema: waacheni wasome chochote, maadamu wanasoma. Tumezipima kauli hizi mbili kwa muda mrefu, na kwetu zote zina kasoro moja, kwamba zinampunguzia mwalimu kazi. Wa kwanza hatakiwi kusoma kwa sababu amekataza. Wa pili hatakiwi kusoma kwa sababu ameruhusu. Na yule binti, kumbukeni, hakuuliza kama anaruhusiwa. Aliuliza kwa nini Raphtalia anashukuru, na swali hilo lilimtoka katika kitabu hichohicho tunachokionea haya. Hatuna hakika kama angeliuliza baada ya kusoma kitabu kisafu kilichopangwa kumfundisha kwamba utumwa ni mbaya.

Kwa hiyo kosa letu halikuwa kumpa kitabu kibaya. Hata sasa hatuthubutu kukiita kibaya, maana ndani yake mna maneno ya kweli juu ya mtu aliyesingiziwa na jinsi uchungu unavyomla. Kosa letu lilikuwa kumpa tusichokijua. Amkopeshaye mwenzake kitabu humwomba saa zake, na saa za mtoto hazina fidia. Kutia sahihi mahali tusipopasoma ni uongo, japokuwa ni uongo wa kimyakimya, na walimu tunautenda mara nyingi kuliko tunavyokiri.

Tangu hapo tumejipa sharti la kusoma kwanza. Ni sharti gumu, kwa sababu riwaya hizi hupenda kuwa ndefu. Honzuki no Gekokujo ya Miya Kazuki ilikamilika mwaka 2023 ikiwa na juzuu 33. Zero no Tsukaima ilikatizwa mwandishi wake, Noboru Yamaguchi, alipofariki mwaka 2013, na juzuu mbili za mwisho zikaandikwa na mwingine kwa kufuata maelezo aliyoyaacha. Wasomaji wa Suzumiya Haruhi walingoja kutoka mwaka 2011 hadi 2020 kupata juzuu mpya. Mtu akiisha kusoma kumi, huona haya kuiacha ya kumi na moja, kana kwamba ana deni. Sisi hatuoni deni hilo. Msomaji akichoka, kitabu na kifungwe. Mwandishi mwaminifu hadai kusomwa kwa huruma.

Kati ya tulizozisoma, tumependa kuanza na hiyo ya Miya Kazuki, na tunakiri kwamba mapenzi yetu yana upendeleo. Mwanamke apendaye vitabu kupita kiasi anakufa kwa kuangukiwa na vitabu vyake katika tetemeko la ardhi, kisha anazaliwa upya akiwa Myne, mtoto dhaifu wa askari mlinda lango, katika nchi ambamo vitabu ni mali ya wakuu tu. Hana cha kusoma. Basi anaazimia kutengeneza kitabu kwa mikono yake. Anasuka nyuzi za nyasi akiiga karatasi ya mafunjo ya Misri, anashindwa. Anafinyanga vibao vya udongo, vinapasuka motoni. Anachonga vijiti vya kuandikia, mama yake anavifanya kuni. Tuliposoma habari za mafunjo tulicheka peke yetu, kwa kuwa mafunjo yamejaa katika mabonde ya hapa Uganda na watu huyasukia mikeka. Lakini ule mkasa wa kuni haukutuchekesha. Mama yule si mkatili. Hajapata kuona kitabu, naye ana chungu jikoni. Ni nyumba ngapi katika kata yetu ambamo daftari la mtoto limewashia moto, na hakuna aliyekusudia ubaya?

Kwa wakubwa kidogo tungechagua 86 ya Asato Asato, ya mwaka 2017. Jamhuri moja inawatangazia raia wake kwamba vita vyao vinapiganwa na mashine zisizo na watu, wala hakuna afaye. Kumbe ndani ya mashine wamo vijana wa Eneo la 86, waliofutwa katika hesabu ya wanadamu. Hiyo si hadithi ya kulalia. Na kwa asiye na wakati, kuna Kino no Tabi ya Keiichi Sigsawa, iliyoanza mwaka 2000: msafiri na pikipiki isemayo, nchi baada ya nchi, siku tatu kila mahali bila kuzidi. Kila kisa husimama peke yake, hivyo kinafaa kipindi cha dakika arobaini.

Jambo moja zaidi, ambalo hatukupenda kuligusa. Vijana wengi huvipata vitabu hivi kwenye simu, katika tafsiri zilizofanywa na mashabiki bila idhini ya mwandishi wala mchapishaji. Tumewaambia wanafunzi kwamba huo ni wizi. Mmoja akatuuliza vitabu vyenye idhini vinauzwa wapi katika wilaya yetu, na kwa bei gani. Tulikuwa na jibu la swali la kwanza tu: haviuzwi. Bado tunasema ni wizi, ila siku hizi tunalisema kwa sauti ya chini zaidi.

Yule binti tulimjibu juma lililofuata. Tulimwambia kwamba sisi tunadhani Raphtalia anashukuru kwa sababu mwandishi alimhitaji ashukuru, ili msomaji asimwogope Naofumi. Hakukubali. Alisema mtoto aliyelishwa baada ya njaa ndefu hushukuru hata kama aliyemlisha amemnunua, na kwamba hilo ndilo lililomtisha. Tukanyamaza, kwa kuwa alikuwa amesoma vizuri kuliko sisi. Sasa anaingoja juzuu ya pili ya Myne. Tumemwomba avumilie, zimetubakia kurasa kama sabini.