Je, Tuulize Kwanza Kama Anastahili?



Siku moja ya mnada hapa Kisesa, jua likiwa kali, mzee mmoja kipofu aliongozwa na mjukuu wake mpaka barazani kwangu, akaomba chakula. Nikamwuliza: Watoka wapi? Una watoto? Mbona hawakutunzi? Wasali kanisa gani? Akajibu yote kwa upole, kisha akasema, "Baba mchungaji, kama nimeshinda mtihani, naomba hata maji." Neno lile lilinichoma moyo. Tangu siku ile najiuliza: Je, yatupasa kumpima mtu kwanza, ndipo tumsaidie?

Wanaosema ndiyo wanayo sababu. Sanduku la maskini ni dogo, na wavivu wako. Atoaye ovyo huwapunja wajane. Lakini na tutazame habari za waliotutangulia katika kazi ya huruma.

Mwaka 1833, karibu na Hamburg katika Ujerumani, Johann Hinrich Wichern alifungua nyumba ya watoto waliohesabiwa kuwa wamepotea. Aliwapanga katika jamaa ndogo ndogo, kila jamaa na mlezi wake. Na mtoto aliyeingia aliambiwa kwamba makosa yake ya zamani yamesamehewa. Tangu 1844 alitoa gazeti la kueleza kazi ile, na wengi wakaamshwa kwa kulisoma. Mwaka 1872 Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh alishika uongozi wa Betheli, makao ya wagonjwa wa kifafa karibu na Bielefeld. Kazi hiyo ilifika hata nchini kwetu: mwaka 1896 ilianzishwa Lutindi, katika milima ya Usambara, nyumba ya watoto waliookolewa utumwani, baadaye ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili.

Bodelschwingh alitaka kila mgonjwa apewe kazi kwa kadiri ya nguvu zake, ili asione haya kama mwombaji. Kazi ilikuwa heshima yake, haikuwa bei ya uhai wake. Lakini mwaka 1940 serikali ya Hitler ilipeleka Betheli karatasi za kujazwa, zikiuliza pamoja na mengine kama mgonjwa aweza kufanya kazi. Na aliyeonekana hafai aliwekewa kifo. Mwana wa Bodelschwingh, aliyeshika mahali pa baba yake, alikataa kuzijaza. Hata hivyo wagonjwa Wayahudi walichukuliwa kutoka Betheli mwaka ule ule, wakauawa. Tukumbuke na hilo, tusije tukajivuna.

Sisemi kwamba maswali ya barazani kwangu ni sawa na karatasi zile. Lakini njia huanza kwa hatua ndogo, na hatua ya kwanza ni kumfanya mhitaji ajitetee mbele yetu. Msamaria alipomkuta mtu aliyejeruhiwa, alifunga jeraha kwanza. Na wazee wetu wa Usukuma humkalisha mgeni kabla ya kumwuliza habari.

Basi, waalimu na wazee wa kanisa, tuulize, maana msaada wa kudumu wahitaji kumjua mtu. Ila maji yatangulie, na mkeka, na chakula. Maswali yafuate, nayo yawe ya ndugu, yasiwe ya hakimu.

Mzee yule alikunywa, akala, akaenda zake. Katika maswali yangu yote, jina lake sikumwuliza.