Je, Kuuliza Mara ya Pili ni Kukosa Upendo?

Majilio yanapofika, Kitendaguro huanza kungojea watu. Watoto waliotawanyika Mwanza, Arusha na Dar es Salaam hurudi kula Krismasi nyumbani, senene huwa wamekwisha kuanguka, na fedha nyingi hupita katika simu: nauli, nyama ya sikukuu, nguo za watoto, michango ya harusi. Wezi wa mitandao nao wanaijua kalenda hii. Twadhani wanaijua kuliko baadhi ya Wakristo wetu.

Upo ujumbe ambao karibu kila mwenye simu katika nchi yetu amepata kuuona. Unamwambia ile hela aitume kwenye namba fulani, na kwamba jina litakalotokea ni la fulani. Hauna salamu wala haumtaji mtu. Hutupwa kwa watu wengi kama nyavu ziwani, na mwishowe humwangukia mmoja ambaye saa ile ile alikuwa amemwahidi mdogo wake nauli. Mtu huyo hakunaswa na tamaa. Alinaswa kwa kuwa alikuwa tayari kutimiza neno lake.

Basi hapo pana swali lisilokuwa dogo. Sisi tumelelewa kwamba ndugu akiomba, hahojiwi. Anayepiga simu kwanza ili ahakikishe huonekana bahili, au huonekana anamwita nduguye mwongo. Je, ndivyo ilivyo? Kuuliza mara ya pili ni upungufu wa upendo?

Tumtazame mzee Isaka katika Mwanzo 27. Watu humsema kama kipofu aliyedanganywa kirahisi, lakini msomaji akiifuata habari ile polepole ataona kwamba mzee yule aliuliza sana. Aliuliza jina. Alistaajabia upesi wa mawindo. Aliishuku sauti, akapapasa mikono, akauliza tena, na mwisho akanusa mavazi. Ni wachache kati yetu wanaofanya hata nusu ya hayo kabla ya kubonyeza namba ya siri. Naye akadanganywa hata hivyo, kwa sababu kila ushahidi aliopewa ulitoka mkononi mwa yule yule aliyemshuku. Ngozi za mwana-mbuzi, mavazi ya Esau, chakula chenyewe, vyote vilikuwa vimetayarishwa na Yakobo na mama yake. Hakumtuma mtumishi aende kutazama kama Esau bado yuko porini.

Ule ujumbe wa simu ni kazi ya namna hiyo. Makampuni ya simu yameweka utaratibu mzuri: kabla hujathibitisha, jina la mpokeaji huonekana, upate kujua unayempa. Mwizi anajua utaratibu huo, kwa hiyo hukutajia jina mapema, na unapoliona hushtuki. Hiyo ndiyo ngozi ya mbuzi. Hali kadhalika wauzaji wa Instagram na WhatsApp wanaosema duka lao liko Kariakoo. Ukiwa na shaka watakuletea picha ya duka, picha ya mzigo umefungwa, hata picha ya risiti ya basi, ilhali viatu vya mtoto havitafika kamwe. Picha mia za muuzaji ni sawa na picha moja. Afadhali binamu aliyeko Dar es Salaam aende kwa miguu akalione duka, au mlipe mzigo ukishafika.

Tunarudi kwenye upendo. Wengi husahau kwamba siku ile aliyeibiwa zaidi hakuwa Isaka, bali Esau. Jina lake lilitumiwa, mavazi yake yalivaliwa, yeye akiwa mbali anahangaika kwa ajili ya baba yake. Vivyo hivyo, tapeli anapoomba kwa jina la mdogo wako, aliyevuliwa nguo ni mdogo wako. Ukimpigia kwa namba yake ya siku zote, ile uliyo nayo wewe na si ile uliyoletewa, humshtaki. Unakwenda porini kumtafuta. Sisi twaona hilo ni deni unalodaiwa naye, na ndugu mwenye akili hatanuna akihojiwa.

Hata hivyo hatusemi kwamba jambo hili halina ugumu. Huenda simu ya ndugu isipatikane, na habari iliyoletwa ni ya mtoto aliyelazwa hospitali. Mwizi huchagua sana habari za namna hiyo, maana hofu haina subira. Anayeamua kutuma bila kuhakikisha hatumlaumu, mradi atoe kile anachoweza kukipoteza, kama sadaka, na si ada ya shule ya Januari.

Wala kanzu na maneno ya dini si ushahidi. Mwaka 2009 Serikali iliizuia DECI, ambayo watu walialikwa "kupanda" fedha na "kuvuna" zaidi, na baadhi ya viongozi wake walikuwa wachungaji. Waliopanda hawakuwa walafi wote. Wengi walisikia lugha ya ibada wakadhani wako nyumbani.

Linalotusikitisha kupita yote ni kicheko. Mama akitapeliwa, majirani humcheka, naye hunyamaza. Wiki ya pili jirani yake huanguka katika shimo lile lile, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, na laini zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole mwaka 2019, lakini wapo wazee waliowekeshwa kidole zaidi ya mara moja, wasijue kwamba laini ya pili imesajiliwa kwa jina lao na kupewa mwingine. Kijana mwenye bibi asiyesoma amsaidie jioni moja kubonyeza *106# aone laini zilizo katika jina lake. Na namba ya tapeli hutumwa kwenda 15040. Aliyeibiwa akiogopa kuituma peke yake, mzee wa kanisa akae naye, waandike pamoja, na asimuulize ilikuwa shilingi ngapi.