Kupunguza Sauti ni Kuficha Talanta?



Swali la leo linatugusa sana sisi wanakwaya. Mwenye sauti nzuri akiipunguza ili mwenzake asikike, je, ameifukia talanta yake kama yule mtumishi wa Mathayo 25?

Mimi naimba besi kigangoni, huku Ludewa. Kuanzia milima ya Livingstone mpaka Manda kando ya Ziwa Nyasa, kwaya inapendwa kweli. Ila tusidanganyane, wakati mwingine tunashindana. Soprano anataka asikike yeye, tenori hakubali, mpiga kinanda naye anaongeza sauti. Waamini wanatoka bila kuyapata maneno ya zaburi.

Kuna muziki ulionisaidia kulifikiria swali hili. Joseph Haydn, Mkatoliki wa Austria, aliombwa kutunga muziki wa Kwaresima kwa ajili ya Cádiz, Hispania, juu ya Maneno Saba ya Yesu msalabani. Mhubiri alisoma neno, akalifafanua, akapiga magoti. Ndipo muziki ukapigwa watu watafakari. Mwaka 1787 Haydn aliupanga upya kwa vyombo vinne tu: violini mbili, viola na selo. Ni sauti nne kama kwaya zetu, ila kila sauti ina mtu mmoja, na hakuna mwalimu wa kupunga mikono mbele. Wanatazamana na kusikilizana. Violini ya kwanza ikibeba wimbo, wengine wanashuka. Zamu ikifika kwa selo, naye anapanda.

Nadhani jibu liko hapo. Yule mtumishi aliogopa, akafukia alichopewa kisimfae mtu yeyote. Anayeshusha sauti kwa ajili ya mwenzake hajafukia kitu. Talanta yake iko kazini, inambeba mwingine. Lakini zamu yako ikifika ukanyamaza kwa woga au uvivu, usiuite unyenyekevu. Na kumzima alto kila Jumapili ili wewe ung'are, halafu unamhubiria unyenyekevu, huo ni uonevu.

Utatofautishaje? Jiulize: kimya changu kinamsaidia nani?

Haydn alizoea kuandika mwishoni mwa kazi zake "Laus Deo", yaani sifa kwa Mungu. Katika mazoezi ya wiki hii, jaribu kuimba huku ukizisikia zile sauti nyingine tatu.

Ee Yesu, utufundishe wakati wa kuimba na wakati wa kusikiliza. Amina.