Ole Wenu Mnaoula Ushuru wa Korosho

Ole wenu mnaomkamua mkulima wa korosho, kisha mkamwambia mnamjenga!

Mliweka ushuru kwa kila korosho ghafi inayotoka nchini: asilimia 15 ya bei ya bandarini au dola 160 kwa tani, kiasi kilicho kikubwa kati ya hivyo. Mkasema korosho ibanguliwe hapa hapa, vijana wa Mtwara na Lindi wapate kazi. Lilikuwa jambo jema. Lakini nani anayeulipa? Mnunuzi hupiga hesabu zake kabla hajaingia mnadani, akaukata ushuru kwenye bei anayotaja. Pengo linabaki kwa mzee wa Newala aliyepulizia mikorosho yake salfa ya mkopo, macho yakimwasha. Huyo ndiye mlipaji, wala stakabadhi yake haimwonyeshi.

Malipo yake yangekuwa ruzuku kwa mbanguaji, maana ghafi ikishuka bei nchini, kiwanda kinapumua. Viko wapi viwanda? Vile 12 vilivyojengwa kwa mikopo ya taifa, vingi viligeuzwa maghala. Nyinyi mliouziwa, mlivinunua kwa jina la kubangua, mkapanga humo magunia yanayosubiri meli ya India na Vietnam! Na mama wa Masasi anabangua uani kwake, vidole vimebabuka kwa mafuta ya ganda, akawauzie abiria stendi. Ruzuku gani imemfikia huyo?

Asilimia 65 ya ushuru ilikuwa ikirudi kwenye zao lenyewe: miche, salfa, utafiti. Mwaka 2018 Bunge likapitisha kwamba yote iingie Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa kusini walipinga, hawakusikilizwa. Nyinyi mliopiga kura ya ndiyo, mlimwuliza nani huko Tandahimba?

Nanyi wa kangomba, msijifiche nyuma ya serikali. Mnamvizia mwenye mgonjwa ndani, mnanunua korosho zake kwa bakuli kabla ya mnada, naye hana la kufanya. Ni jirani yenu. Mnasali naye!

Toeni magunia viwandani, mfunge mashine, au rudisheni funguo. Na hesabu ya ushuru isomwe, msimu kwa msimu, kwenye mkutano wa kila chama cha msingi, wakulima wakisikia na kuuliza, kabla mnada wa kwanza wa msimu ujao haujafunguliwa.