Chozi na Panya wa Mistari

Hapa Kilema, chozi akitua kwenye ua la mgomba, watoto huitana waje wamtazame. Panya akipita chini ya mgomba ule ule, huitana pia, ila kila mmoja na jiwe lake. Twajiuliza: je, thamani ya kiumbe hutoka kwa Mungu aliyemwumba, au hutoka machoni petu?

Tutazame juu mlimani. Ukiisha kuupita msitu, penye lobelia kubwa, yupo chozi wa rangi ya kijani inayong'aa. Hunywa utamu wa maua hayo, na kichwa chake hubeba unga wa ua hili hata ua lile, ndipo mbegu zipatikane. Kando ya vibanda vya Horombo, mita 3,720 juu ya bahari, yupo pia panya mdogo mwenye mistari minne myeusi mgongoni. Hutembea mchana, akila mbegu na kuokota makombo ya wapanda mlima. Mmoja twamsifu, mwingine twamfukuza. Lakini huko Afrika Kusini wataalamu wameona jamaa za panya huyo wakiramba utamu wa maua ya protea na kubeba unga wake vile vile. Kazi ni moja. Sura na sauti ndizo mbali.

Mtu atasema, "Panya hula mahindi yangu, tena huleta tauni." Ni kweli, wala hatumwambii mtu aache ghala yake iliwe. Lakini kwelea kwelea naye ni ndege, na makundi yake humaliza mashamba ya mtama na mpunga. Kumbe madhara hayafuati sura. Basi tumzuie mharibifu kwa sababu anaharibu, si kwa sababu hapendezi. Tena tumzuie kwa kiasi. Sumu itupwayo ovyo haimwui panya peke yake: paka na bundi wamlao hufa nao, na hao ndio walinzi wa ghala.

Bwana wetu alifundisha kwamba shomoro, ndege wa bei ndogo sokoni, hasahauliwi mbele za Mungu. Hakusema anakumbukwa kwa kuwa huimba vizuri.

Desturi hii haiishii kwa wanyama. Katika mtaa wetu yuko asifiwaye kwa sauti yake kwayani, na yuko mama afagiaye kanisa kila Jumamosi, asiyetajwa na mtu. Tumpe kila mmoja haki yake, tusingoje kwanza atupendeze.